Kabla ya Kulipia Miwani, Omba Cheti cha Vipimo Vyako

Miwani ya macho haifanani na bidhaa nyingine za dukani. Mnunuzi hawezi kuutambua ubora wake kwa kuitazama tu, na mara nyingi anayemuuzia ndiye aliyempima na kumweleza kwamba anaihitaji. Mwananchi anayetoka dukani na miwani pekee, bila karatasi yenye vipimo vyake, hana cha kuilinganisha nayo siku kichwa kitakapoanza kumuuma.

Kupima macho ni huduma inayojitegemea. Ukishapimwa na kulipia, omba cheti hata kama hukusudii kununua miwani mahali hapo. Utakitumia kulinganisha bei kwingineko. Cheti kamili huonyesha kila jicho peke yake. Nguvu ya lenzi huandikwa kwa diopta, kwa hatua za 0.25, ikitanguliwa na alama ya kutoa kwa asiyeona mbali vizuri, au ya kujumlisha kwa anayesaidiwa kuona karibu. Ambaye konea yake haina mviringo kamili huongezewa namba mbili: nguvu ya marekebisho na mwelekeo wake kwa nyuzi, kuanzia 1 hadi 180. Hakikisha pia umeandikiwa umbali kati ya mboni mbili za macho, kwa milimita. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo namba inayosahaulika kwa urahisi zaidi, ilhali lenzi kali ikikosea katikati yake kwa milimita chache tu huyachosha macho.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Aidha, mnunuzi anapoeleza matumizi anayoyakusudia na kutegemea utaalamu wa muuzaji, bidhaa hiyo iyafae matumizi hayo. Mzazi aliyesema kwamba miwani ni ya mwanafunzi asiyeona ubao ameshatamka matumizi. Vilevile mnunuzi hupewa nafasi ya kutosha ya kuikagua bidhaa kabla ya kuhesabiwa kuwa ameikubali. Lakini akikaa nayo muda mrefu bila kusema neno, huchukuliwa kuwa ameipokea. Tangazo la ukutani kwamba mali ikishauzwa hairudishwi linaweza kumhusu aliyebadili mawazo kuhusu rangi ya fremu. Lenzi zisizolingana na cheti ni jambo jingine.

Ukaguzi wa uhakika hufanywa kwa lensimeta, mashine inayosoma nguvu ya lenzi. Omba vipimo vya miwani yako visomwe mbele yako na kulinganishwa na cheti. Nyumbani, ishike miwani mbali na uso, tazama kitu kupitia lenzi moja, kisha isogeze polepole kushoto na kulia. Lenzi ya kutoa hukionyesha kitu kikisogea upande uleule. Ya kujumlisha, upande wa pili. Kitu kisiposogea kabisa, yamkini umeuziwa kioo kitupu. Hata hivyo, miwani sahihi nayo huweza kusumbua kwa siku kadhaa za mwanzo hadi macho yaizoee.

Kuhusu miwani ya kusomea inayouzwa mitaani, ieleweke kwamba lenzi zake mbili huwa na nguvu sawa. Humfaa mwenye macho yanayolingana, wala haimpi mtu kinga ya kutopimwa magonjwa kama presha ya macho.

Ukibaini kasoro, mrudie muuzaji mapema. Asiposikiliza, malalamiko kuhusu upimaji au sifa za mpimaji yafikishwe kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au Baraza la Optometria. Udanganyifu wa kibiashara hushughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Nenda na cheti, risiti ya EFD na miwani yenyewe, kabla fundi mwingine hajaigusa.