Laptopu ya Zamani Isitupwe Kabla Haijapimwa

Binti yetu alipomaliza kidato cha sita alianza kujaza maombi ya mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo hufanywa kwa mtandao. Alitumia laptopu yetu ya zamani, tuliyoinunua mtumba miaka mingi iliyopita. Kila alipojaribu kupandisha nakala za vyeti vyake, laptopu ilipoteza mtandao katikati ya kazi. Siku ya tatu alituaga kwamba anakwenda mjini kwenye duka la stesheneri akamalizie huko. Saa moja ya usiku ikapita, saa mbili ikaingia, naye hajarudi. Hapa Mzinga, chini ya milima ya Uluguru, pikipiki za kutoka mjini zipo, lakini ni mama gani atakayelala binti yake akiwa barabarani usiku?

Alirudi salama, tukamshukuru Mungu. Usiku huohuo tukakaa kikao. Fundi mmoja alikwisha tuambia kwamba laptopu ile imekufa, tununue nyingine. Baba watoto akapendekeza tuchukue fedha tulizoweka kwa ada ya mdogo wake. Tukamwambia, "Baba, tuipime kwanza." Akacheka, akasema, "Haya mama, itundikie dripu. Ila ikishindikana usinilaumu."

Kuujua ugonjwa kabla ya dawa

Sisi wauguzi hatumpi mgonjwa dawa kabla ya kipimo. Hapa pia kipimo kipo, tena cha bure. Mtandao wa nyumbani hupita njia mbili. Ya kwanza ni kutoka mnara wa simu, au waya wa faiba, hadi kwenye ruta. Ya pili ni kutoka ruta hadi kwenye laptopu. Ukitaka kujua njia ipi ina kasoro, weka simu mpya na laptopu mezani pamoja, unganisha zote na waifai ileile, kisha pima kasi kwa kila moja kwa zamu, wakati mmoja mwingine haufanyi kazi.

Kama vyote viwili ni vizito, laptopu haina kosa. Labda bando limekwisha, au ruta haipati mnara vizuri. Isogeze karibu na dirisha. Lakini simu ikiwa na kasi na laptopu ikawa nyuma sana, ugonjwa uko kwenye laptopu. Kwetu simu ilipita megabiti 20 kwa sekunde, na laptopu haikufika 4.

Kwa nini laptopu za zamani huwa nzito

Ndani ya kila laptopu mna kadi ndogo ya waifai. Kadi hizi zina vizazi, na kila kizazi kina herufi yake. Kizazi cha b cha mwaka 1999 kilikuwa na kasi ya juu ya megabiti 11 kwa sekunde. Kizazi cha g cha mwaka 2003 kilifika 54. Mwaka 2009 kikaidhinishwa n, na mwaka 2013 kikaja ac, ambacho hutumia masafa ya gigahezi 5. Hizo ni kasi za maabara. Nyumbani, penye kuta za tofali, hupatikana nusu yake au pungufu. Yetu ilikuwa ya kizazi cha g, na ruta ilikuwa chumba kingine, nyuma ya kabati la chuma.

Dawa tatu

Kwanza, tulitoa ruta nyuma ya kabati tukaiweka juu, mahali pa wazi. Chuma, friji na kuta nene huzuia mawimbi. Hatukulipa hata senti, na kasi iliongezeka kidogo.

Pili, kuna waya wa mtandao wa kuunganisha ruta na laptopu moja kwa moja. Ni nafuu na haukatikikatiki. Unamfaa mwenye meza ya kazi karibu na ruta.

Tatu, kuna kifaa kidogo cha waifai kinachochomekwa kwenye tundu la USB kama flashi. Hiki kinafanya kazi ya ile kadi ya zamani bila kufungua laptopu. Hiki ndicho tulichonunua, kwa sehemu ndogo tu ya ada ya muhula. Kadi ya ndani nayo hubadilishwa kwa bisibisi, lakini baadhi ya laptopu za zamani hukataa kadi ambayo mtengenezaji hakuiidhinisha. Mwulize fundi kabla ya kulipa.

Tulipokosea

Tulichomeka kifaa, hakikufanya kazi. Kilihitaji programu yake, yaani draiva, nayo ilikuwa ya kupakuliwa mtandaoni, mtandao ambao laptopu haikuwa nao! Binti yetu akaunganisha simu kwa waya wa kuchajia, akaruhusu laptopu itumie intaneti ya simu, draiva ikapakuliwa. Hata hivyo kasi ilikuwa ileile, kwa sababu laptopu iliendelea kutumia kadi ya zamani. Alipoizima kadi hiyo kwenye mipangilio, kasi ikakaribia ile ya simu. Vyeti vikapanda jioni hiyo, yeye akiwa sebuleni kwetu.

Kabla hujanunua

Mama mwenzetu, zingatia haya:

1. Hakikisha ruta yako ina gigahezi 5. Kama haina, kifaa cha bei kubwa hakitakufaidi sana. Kumbuka pia kwamba gigahezi 5 ina kasi zaidi lakini hupenya kuta kwa shida kuliko 2.4.

2. Angalia tundu la USB. Lenye rangi ya buluu mara nyingi ni la kasi zaidi.

3. Kabla ya kumpa fundi laptopu, nakili picha za familia na vyeti kwenye flashi. Ukiweza, kaa naye hadi amalize.

4. Badilisha nywila ya ruta iliyotoka nayo dukani, bando lisiliwe na usiowajua.

5. Kifaa hiki hakiponyi uzee wote. Windows 10, kwa mfano, iliacha kupewa matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kama laptopu yako haiwezi kupokea toleo jipya, anza kuweka akiba pole pole.

Ada ya kijana ililipwa kwa wakati, na dada yake hakwenda tena stesheneri usiku. Baba watoto siku hizi, redio ikikoroma, hututania, "Mama, njoo uipime kwanza." Nasi twamjibu kwamba kupima ni bure, ila kununua bila kupima ndiko kunakokula ada ya watoto.