Rangi inaweza kunyamazisha redio

Juma lililopita nilimsindikiza shemeji yangu, fundi wa ndege, mpaka kwenye angari moja hapa Lubumbashi. Wanatengeneza upya Cessna 172 ya zamani, ndege ndogo ya watu wane. Rangi ya zamani imetolewa yote, bati inang'aa kama sahani mupya. Antena zimefunguliwa, ziko juu ya meza.

Nikamuuliza: « Mbona hamupake antena rangi pamoja na ndege? Ingekuwa muzuri. »

« Shemeji, hapo ndipo watu wengi wanakosea. »

Akanieleza. Redio ya rubani inasema kati ya 118 na 137 MHz, na antena haifanye kazi peke yake: bati ya ndege inaisaidia. Kwa hiyo mguu wa antena lazima ukamate bati tupu. Rangi ikiingia katikati, redio inapiga makelele ao sauti haifike mbali. Wanakwangua pale chini, wanakaza visi, kisha wanapaka mastiki pembeni ili maji yasiingie.

Na antena yenyewe? Dawa ya kutoa rangi inaweza kula ngozi yake, ndiyo maana inafunguliwa mbele. Kama kitabu cha kiwanda kinakubali rangi, ni nyepesi tu. Ile ya kung'aa yenye unga wa chuma, hapana: inaziba mawimbi.

Nilinyamaza, maana nilikumbuka yetu. Mwaka mmoja, kwa ajili ya ziara ya wakubwa, magari ya mine yalipakwa rangi haraka haraka. Antena ya jeep moja ilirudishwa juu ya rangi. Siku ya kupiga baruti, dereva aliita kutoka chini ya karieri: « Bado tuko wawili huku! » Hakuna aliyemusikia. Kijana mmoja aliwaona kutoka juu, akakimbia kusimamisha kazi. Bila yeye, tungelia matanga mawili.

Ripoti ilisema nini? Dereva hajui kutumia redio. Mimi delege nilitia sahihi, sikujua cha kujibu. Leo najua, na namuomba yule ndugu msamaha.

Wandugu, gari likitoka kupakwa rangi, musiingie nalo karieri bila kuita na kupata jibu. Jibu lisipokuja, muombe wafungue mguu wa antena. Ni kazi ya dakika chache.