Damu ya Mbwa Yatoa Habari za Mapafu

Toka Kavimvira mpakani hata Kalundu bandarini, na kusini mpaka Makobola, mbwa ni mwenzi wa jamaa nyingi za ufuko wetu. Mmoja hulinda ua usiku, wa pili huzungukia ndagala zilizoanikwa juani, wa tatu huwafuata wachungaji katika bonde la Ruzizi. Mshahara wao wote ni makombo. Lakini siku mbwa aanzapo kukohoa, kukataa chakula na kuhema mbavu zikipanda na kushuka, watu wa nyumbani hawapatani. Baba asema amekwamwa na mfupa. Mama asema ni baridi ya mvua. Kijana atafuta vidonge vya antibiotiki vilivyosalia tangu mdogo wake alipougua. Je, nani kati yao ana haki?

Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi tone la damu liwezavyo kuamua shauri la namna hii, na mahali liwezapo kumdanganya mtu.

Kikohozi kina wazazi wengi

Mbwa hukohoa kwa sababu nyingi zisizofanana. Kuna virusi, kama vile vya ugonjwa uitwao distempa, ambao huwaua watoto wa mbwa wengi. Kuna kikohozi cha kuambukizana mbwa wakaapo wengi pamoja. Kuna minyoo ikaayo katika mishipa ya mapafu na moyo. Kuna moyo uliochoka kwa uzee, usioweza tena kusukuma damu vema, hata maji yakajaa mapafuni. Tena kuna kichomi chenyewe, yaani bakteria walioingia ndani ya mapafu. Na mara nyingi huingia pamoja na chakula au matapishi yaliyopotea njia.

Dawa ya antibiotiki huua bakteria tu. Haiui virusi, haiui minyoo, wala haiupi nguvu moyo wa mzee. Basi, ampaye mbwa dawa hiyo kwa kubahatisha hutupa fedha, hupoteza siku za kumwokoa, na huwafundisha bakteria kuizoea dawa. Bakteria waliokwisha kuizoea hawabaki kwa mbwa peke yake. Huweza kuwafikia hata watoto wa nyumba ile ile.

Katika miji mikubwa mganga wa wanyama hupiga picha ya eksirei, na pengine humlaza mbwa usingizi apate kuchota majimaji ya mapafu na kuyapima. Hayo ni kazi ghali, na mbwa asiye na pumzi huweza kufa usingizini. Ndiyo maana wataalamu walitafuta alama katika damu.

Protini ya mwaka 1930

Alama hiyo haikugunduliwa kwa mbwa, bali kwa watu wenye kichomi. Mwaka 1930, katika Taasisi ya Rockefeller mjini New York, waganga wawili, William Tillett na Thomas Francis, walichukua majimaji ya damu ya wagonjwa wakayachanganya na kitu kilichotolewa katika bakteria wa kichomi, nao wakakiita kwa herufi C. Damu ya mgonjwa aliyezidiwa iligandamana na kitu hicho. Alipopona, haikugandamana tena. Ndani ya damu mlikuwa na protini iliyokuja na ugonjwa na kuondoka nao. Leo waganga huiita CRP.

Protini hiyo hutengenezwa na ini. Popote mwilini pawapo na vita vikali, habari hupelekwa kwenye ini, nalo huanza kuimwaga katika damu. Kwa mbwa mwenye afya huwa kidogo sana, kwa kawaida chini ya miligramu 20 katika lita moja ya damu. Ugonjwa ukianza, hupanda kwa muda wa saa chache, na siku ya pili huweza kuwa imezidi mara kumi au zaidi. Vita vikiisha, hushuka upesi. Waganga wa zamani walihesabu chembe nyeupe za damu, na hata leo huzihesabu. Lakini chembe hizo zaweza kuwa za kawaida ingawa mapafu yanaungua.

Mbwa wa Helsinki

Waganga wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Helsinki, huko Finlandi, waliipima protini hiyo kwa mbwa wenye magonjwa mbalimbali ya kifua, wakatangaza matokeo mwaka 2014. Mbwa wenye kichomi cha bakteria walikuwa na kiasi kikubwa kuliko wengine, na zaidi ya nusu yao walipita miligramu 100. Wenye magonjwa mengine ya kifua hawakufika hapo. Walakini mbwa wanne hivi katika kila kumi wenye kichomi walikuwa chini ya kiasi hicho. Basi tushike vema: hesabu kubwa yatutia nguvu kusema ni kichomi, lakini hesabu ndogo haitupi ruhusa ya kusema si kichomi.

Mwaka 2017 walitangaza faida nyingine. Mbwa waliopimwa mara kwa mara waliachishwa dawa siku 5 hadi 7 baada ya protini kurudi katika hali yake. Kwa kawaida walimaliza dawa kwa siku 21 hivi, hali wenzao waliotibiwa kwa desturi ya zamani walikula dawa siku 35 hivi.

Tukumbuke pia kwamba CRP ni kama moshi: hutuambia kuna moto, haituambii nyumba ipi inaungua. Homa ya kupe, jeraha lililooza, au usaha katika tumbo la uzazi huipandisha vilevile. Kwa hiyo mganga hana budi kusikiliza kifua kwanza, ndipo asome damu.

Watoto wa Dar es Salaam

Alama hiyo hiyo imewafaa watoto wa Afrika ya Mashariki. Tangu mwaka 2014 hadi 2016, katika zahanati za Dar es Salaam, watoto zaidi ya 3,000 wenye homa, wote chini ya miaka mitano, walichunguzwa. Wengine walitibiwa kwa mwongozo uliotumia vipimo vya haraka, na CRP ilikuwa mojawapo. Kati ya watoto 100 wa kundi hilo, 11 au 12 tu walipewa antibiotiki siku ya kwanza, hali katika matibabu ya kawaida karibu 95 walipewa. Hata hivyo waliopona walikuwa wengi zaidi kuliko katika kundi lililofuata mwongozo usio na vipimo hivyo.

Lakini mtu asinunue kipimo cha binadamu akampime mbwa wake. Kipimo hicho kimetengenezwa kuishika protini ya mtu. Yaweza kutokea kisiishike ile ya mbwa, kikaonyesha salama penye mauti.

Hatari isiyopimwa kwa damu

Sasa twafika penye jambo kubwa kuliko yote. Mbwa asiyeweza kumeza, atokwaye na mate, ambaye sauti yake imebadilika, huenda hana mfupa kooni wala kichomi. Huenda ana kichaa cha mbwa. Hakuna kipimo cha damu kiwezacho kuuthibitisha ugonjwa huo kwa mbwa aliye hai. Huthibitishwa katika ubongo, akiisha kufa. Watu wengi wamejiponza kwa kutia mkono kinywani mwa mbwa wautafute mfupa usiokuwapo. Tafadhali, msifanye hivyo. Aliyeumwa au kulambwa penye kidonda aoshe mahali hapo kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha aende siku ile ile kwenye kituo cha afya apate chanjo. Dalili zikiisha kutokea, ugonjwa huo karibu hauna dawa.

Shauri letu

Mbwa akikohoa, mfungeni mahali penye kivuli, mbali na watoto. Hesabuni pumzi zake alalapo: zikizidi 30 kwa dakika moja, tena na tena, ni dalili mbaya. Ufizi ukigeuka kuwa wa kijivu au samawati, hatari imekwisha kuingia. Msimmiminie mawese, maziwa wala dawa kooni kwa nguvu. Huingia mapafuni na kuleta kichomi ambacho hakikuwapo. Msimpe parasetamoli, maana yaweza kumdhuru. Mwiteni mganga wa mifugo, mkamweleze lini alianza, alikula nini, alitapika au la, na alichanjwa mwaka gani.

Vipimo vya Helsinki havijafika katika kila kijiji cha ziwa letu. Lakini macho ya kuhesabu pumzi tunayo, na chanjo ya kichaa cha mbwa ni rahisi kuliko msiba. Jamaa yenye mbwa na imchanje kila mwaka, wala isingoje kikohozi.