Kliniki ya Mtu Asiyerudi Kesho

Mahitaji ya afya ya uzazi ya mhamiaji aliye njiani ni yaleyale ya watu wengine, ila yeye harudi kliniki. Huduma karibu zote za uzazi zimepangwa kwa mtu mwenye makazi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu mara 8 au zaidi; sindano ya uzazi wa mpango hurudiwa kila baada ya miezi 3; anayetumia dawa za kufubaza VVU hupewa tarehe ya kuchukua nyingine. Msichana aliyelala Dire Dawa, Ethiopia, leo, na ambaye siku chache zijazo huenda akawa Obock, Djibouti, akingoja mashua, tarehe hizo hazimsaidii kitu.

Njia hiyo ya kutoka Ethiopia, kupita Djibouti au Somalia, kuvuka bahari hadi Yemen na kuingia Saudi Arabia, ni kati ya njia za uhamiaji zenye watu wengi zaidi barani Afrika. Wengi wanaoifuata ni vijana wa kiume. Wanawake na wasichana wengi huenda kutafuta kazi za ndani. Wengine hawavuki maji. Hushuka Moyale, wakapita Kenya na Tanzania kuelekea Afrika Kusini, na huko karibu wote ni wanaume. Jangwa la Djibouti huua kwa joto na kiu, lakini hatari inayohusu uzazi moja kwa moja hutoka kwa binadamu. Nchini Yemen, wasafirishaji haramu huwafungia wahamiaji na kuwatesa mpaka ndugu zao watume pesa, na ubakaji ni sehemu ya mateso hayo.

Wanawake wanalijua hilo kabla ya kuondoka. Baadhi yao huchomwa sindano ya uzazi wa mpango kwanza, kwa kuwa wanatarajia kubakwa njiani. Ni vigumu kupata ushahidi mzito zaidi kuhusu hali ya njia hizi kuliko huo. Sindano yenyewe hukinga mimba kwa takriban miezi 3, na wala haizuii VVU, kaswende au kisonono. Safari iliyokisiwa wiki chache ikigeuka kifungo cha miezi, kinga imekwisha. Kipandikizi, ambacho wengi hukiita kijiti, hukaa miaka 3 hadi 5 na humfaa zaidi msafiri, mradi aelezwe mapema kwamba kukitoa kunahitaji mhudumu aliyefunzwa. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba ni vyepesi kubeba, na mwanamke anaweza kupewa akae navyo kabla hajavihitaji.

Aliyebakwa anahitaji kuwahiwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, yaani PEP, lazima zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, kisha zimezwe kwa siku 28. Vidonge vya dharura hufanya kazi hadi saa 120, na nguvu yake hupungua kadiri saa zinavyopita. Kwa mtu wa safarini ugumu hauishii kwenye saa hizo za kwanza. Akipewa dozi ya siku chache na kuambiwa arudi, matibabu yamekatika siku hiyohiyo. Apewe dozi zote 28 kwa mkupuo, pamoja na matibabu ya magonjwa ya zinaa bila kungoja majibu ya maabara, na chanjo ya homa ya ini aina B. Akieleza kwa utaratibu kilichompata asikilizwe. Asipotaka kusema, dawa apewe vilevile.

Wanaume na wavulana nao hubakwa na kuteswa sehemu za siri. Mara nyingi hawasemi, na huduma iliyoandikwa mlangoni “mama na mtoto” haiwakaribishi kusema. Chumba kimoja cha faragha chenye mhudumu wa kiume, kisicho na kibao chochote, huwafaa zaidi.

Mjamzito anayepita achukuliwe kama mtu wa hudhurio moja tu. Siku hiyo apimwe shinikizo la damu, wingi wa damu, VVU na kaswende kwa vipimo vya haraka, achomwe chanjo ya pepopunda na kupewa vidonge vya madini chuma vya kutosha safari. Kaswende ni mfano mzuri wa ugonjwa unaotibika hata kwa mpitaji: ikiwa changa, sindano moja ya penisilini ya benzathini humtibu mama na kumkinga mtoto tumboni. Kuvuja damu baada ya kujifungua ni tatizo gumu zaidi. Oksitosini huhitaji jokofu. Vidonge vya misoprostoli havihitaji, na ndiyo maana huwekwa pale ambapo umeme haupo. Mwanamke aliyekaribia kujifungua apewe pia kifurushi cha sabuni, karatasi ya plastiki, wembe mpya na uzi safi wa kufungia kitovu. Taulo za kike zimo katika mahitaji haya, ingawa wapangaji huzisahau.

Kwa anayeishi na VVU, mchanganyiko wa tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri hutumika Ethiopia, Kenya na Tanzania. Hivyo dawa aliyoanza nyumbani anaweza kuipata njiani, na kumpa ya miezi kadhaa ni jambo linalowezekana. Kadi yake ya matibabu isiandike ugonjwa waziwazi: nchi za Ghuba hupima VVU wafanyakazi wa kigeni na kuwakataa walioambukizwa.

Mashirika ya misaada yana mpango wa huduma za awali za afya ya uzazi kwa dharura, ulioanza miaka ya 1990 na kurekebishwa mwaka 2018. Ni mpango mzuri, lakini uliandaliwa zaidi kwa kambi, ambako watu hukaa pamoja. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Kenya na Tanzania zimeiridhia, inatambua haki ya afya ya uzazi kwa wanawake. Kinachokwaza haki hiyo ni hofu. Nchini Tanzania, fomu ya PF3 kwa aliyeshambuliwa hutolewa na polisi, na aliyeingia bila kibali akienda kituoni anajipeleka kwa wenye mamlaka ya kumkamata. Saa 72 za PEP huhesabiwa tangu tukio, kwa hiyo dawa zitangulie, fomu ifuate.