Rufiji: vijiji vinavyopanda kwa kusubiri mto

Anayekwenda Msala au Kiongoroni haulizi gari linaondoka saa ngapi. Anauliza maji yanajaa saa ngapi. Ukitoka barabara kuu ya kwenda Kilwa unaingilia Bungu, unashuka mpaka gati ya Nyamisati, na hapo barabara inakwisha. Kilichobaki mbele ni mikono ya mto na mikoko. Maji yakijaa, boti hupita vichochoro vya katikati ya miti na safari huwa fupi. Yakipwa, vichochoro vile vile hugeuka tope, na nahodha hana budi kuzunguka kwa mkondo mkubwa au kutia nanga na kungoja. Kama ndani ya boti yumo mama aliyeshikwa na uchungu, naye atangoja.

Kwenye ramani, delta ya Rufiji wala haiko mbali. Iko mkoa wa Pwani, wilaya ya Kibiti, kusini tu ya Dar es Salaam. Rufiji hupokea maji ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu, kutoka bonde la kilomita za mraba zipatazo 177,000, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Mvua iliyonyesha Iringa, Mbeya na Morogoro huishia hapa, mto unapogawanyika na kutafuta bahari kwa njia nyingi: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala. Kati ya njia hizo kuna visiwa vya udongo laini vyenye minazi, mashamba ya mpunga, nyumba za miti na makuti, na mikoko inayozidi hekta 50,000. Hakuna msitu wa mikoko unaoushinda huu nchini.

Kinachonishangaza zaidi katika vijiji hivi ni jinsi mpunga unavyolimwa, na sidhani kama kimewahi kupewa heshima inayostahili. Wakati wa masika mto hushuka kwa nguvu na kuisukuma chumvi irudi baharini. Bahari inapojaa siku za bamvua, haina nafasi ya kupanda yenyewe. Huyainua maji baridi ya mto na kuyamwaga mashambani. Yakipwa, shamba linajikausha. Hakuna pampu wala mfereji wa saruji. Mkulima anajenga vituta, anachagua mbegu kulingana na kimo cha ardhi yake, na anahesabu siku za mwezi. Lakini hesabu yote hiyo inategemea jambo moja: mto uwe na nguvu wakati mpunga ungali mchanga. Ukilegea, chumvi hupanda, na mpunga hukauka ukiwa umesimama ndani ya maji.

Maadui wengine hawasubiri chumvi. Kaa hukata miche usiku. Nguruwe na viboko huingia shambani, na punje zikianza kujaa huja ndege. Ndiyo maana familia nzima huhamia kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, na kukaa huko miezi kadhaa. Watoto huhamia nao. Walimu wanaliona hilo katika daftari la mahudhurio, na wengi wetu tumezoea kuwalaumu wazazi. Mimi siwezi kuwalaumu. Mzazi anayeacha shamba bila mlinzi usiku mmoja anaweza kukosa chakula cha mwaka.

Juu zaidi, kabla mto haujagawanyika, Warufiji wana kilimo kingine, cha mlao. Mafuriko yanapopungua katikati ya mwaka hupanda mahindi, kunde na maboga kwenye tope lililoachwa, na mazao hukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Mafuriko makubwa mno hubeba mpunga, lakini huleta rutuba na mlao mzuri. Pia huyajaza mabwawa ya bondeni kama Ruwe, Uba na Zumbi, na samaki huingia humo. Mwaka usio na mafuriko ndio wanaouogopa zaidi. Mtafiti wa Norway, Kjell Havnevik, aliyeandika kitabu kuhusu Rufiji mwaka 1993, alionyesha kwamba watu hawa walikuwa na akili ya kuishi na mto muda mrefu kabla mtaalamu yeyote hajawaletea mpango.

Na mipango ilikuja. Wajerumani waliitangaza mikoko kuwa msitu wa serikali mwaka 1898, watu wakiwa tayari wanaishi ndani yake. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, serikali ya Tanzania ilianzisha Operesheni Rufiji, ikawahamisha wakazi wa bondeni kwenda kwenye vijiji vipya vya ardhi ya juu, ambako shule na zahanati zingewafikia. Nia ilikuwa njema, na wengi walipata huduma. Ila mashamba yalibaki bondeni, na wenyewe wakawa wanashuka kila msimu na kujenga madungu upya. Delta haikuhamishwa kwa namna hiyo, ilisahauliwa tu.

Wageni wachache walioitafuta kwa bidii walikuwa wa vita. Meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya mikoko hii hadi Julai 1915, ilipopigwa na kuzamishwa. Mizinga yake iliopolewa na kutumika nchi kavu. Vitabu vya vita vimeandika sana habari za meli hiyo, na kidogo mno habari za watu ambao mito yao iligeuzwa uwanja wa vita.

Siku hizi mgogoro ni wa miti. Wakulima hufyeka mikoko ili kupata shamba jipya, kwa sababu baada ya misimu kadhaa shamba la zamani huzidiwa na magugu. Maofisa wa misitu wanasema, na ni kweli, kwamba mikoko huzuia mmomonyoko na ndiyo makulio ya kambamiti na samaki. Lakini mkulima anayeitwa mvamizi analima kisiwa alikozikwa babu yake. Nimesoma hoja za pande zote mbili, na naamini msitu huu hautalindwa na mtu asiyekula kutokana nao.

Sasa kuna jambo kubwa kuliko yote hayo. Huko juu limejengwa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wa kwanza uliwashwa mwanzoni mwa 2024. Nchi ilihitaji umeme huu, nami naufurahia. Lakini bwawa hushika tope lililokuwa likijenga delta, na huyasawazisha maji: ya masika hupungua, ya kiangazi huongezeka. Maji zaidi ya kiangazi yanaweza hata kuisaidia delta kusukuma chumvi. Masika dhaifu yanaweza kuiumiza. Yote mawili yatategemea uamuzi wa anayefungua milango ya bwawa, na mwezi anaoifungua.

Aprili 2024 mafuriko yaliziingia nyumba na mashamba ya Rufiji na Kibiti. Wananchi wengi walilitaja bwawa. Serikali ilisema ni mvua kubwa za El Niño. Katika mabishano hayo, swali la mkulima lilikuwa dogo na la haki: ninyi mnaopima maji kila siku, mbona mimi nayajua yakiwa yamefika mlangoni?

Hilo linaweza kujibiwa bila fedha nyingi. Kiasi cha maji kitakachoachiwa mwezi hadi mwezi kitangazwe redioni kwa Kiswahili cha kawaida, kibandikwe kwenye ofisi za vijiji na gatini Nyamisati, na kisomwe pamoja na siku za bamvua. Wakulima wa delta wakae kwenye meza inayopanga maji ya masika, kwa kuwa wao ndio wanaojua mche wa mpunga unavumilia chumvi siku ngapi. Mbegu huanza kuingia ardhini Desemba. Tangazo la kwanza linatakiwa liwe limefika Msala kabla ya hapo.