Je, chaza ni halali? Swali la mwanafunzi wa Oldeani

Ndugu Waislamu, siku ya mtihani ni nzito kwa mwanafunzi, na ikiangukia Ijumaa uzito wake huzidi. Kijana mmoja wa kidato cha nne huko Oldeani, wilayani Karatu, alitusimulia siku yake ya namna hiyo. Aliamka kabla ya Alfajiri, ukungu wa mlimani ungali umefunika mashamba ya kahawa. Akasali, akapitia daftari zake, kisha akashika njia ya shule. Asubuhi alifanya karatasi ya Baiolojia, saa saba akawahi khutba msikitini, na saa nane akarejea kwa karatasi ya pili.

Baada ya Magharibi hakuzungumzia alama. Alimuuliza mzazi wake: "Baba, chaza tunaruhusiwa kumla?" Alikuwa amekutana na mnyama huyo katika swali la mtihani, na likizo ile alitarajia kwenda kwa ami yake Tanga, akitamani kumwonja. Mama akawahi kujibu: "Hiyo ni haramu, mwanangu." Baba akanyamaza, kwani hakuwa na hakika.

Hatumlaumu mama. Kutoka Oldeani hadi baharini ni safari ya mamia ya kilomita, na majirani zao Wamasai, kwa desturi ya mababu zao, hata samaki hawakumhesabu kuwa chakula. Lakini kutozoea kitu ni jambo moja, na kukiharamisha ni jambo jingine.

Katika Suratul Maida, aya ya 96, Mwenyezi Mungu amewahalalishia waja Wake mawindo ya bahari na chakula chake. Na Abu Huraira (r.a.) amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu kutawadha kwa maji ya bahari, alibainisha kuwa maji hayo ni tohara na kwamba mfu wake ni halali. Kwa hoja hizi wanazuoni wa Kimaliki, na wengi wa Kishafii, madhehebu iliyoenea katika pwani yetu, wanahalalisha wanyama wa baharini kwa ujumla wao, ingawa baadhi ya Mashafii wamejadili aina fulani za wanyama wa gamba. Wanazuoni wa Kihanafi wao huruhusu samaki tu. Basi anayefuata rai hiyo na akajizuia asidharauliwe, wala anayekula kwa rai ile asiitwe fasiki.

Kwa upande wa mama, ipo hadithi inayomfaa, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama ya mjusi wa jangwani iliyochomwa, akauzuia mkono wake. Khalid bin Walid (r.a.) akauliza kama ni haramu. Mtume akajibu kuwa si haramu, ila mnyama huyo hakuwepo katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haikumpenda. Khalid akamvuta, akala, na Mtume akimtazama. Tazameni adabu hiyo! Aliyechukia hakuharamisha, na aliyependa hakukatazwa.

Hata hivyo, halali haiondoi tahadhari. Chaza huishi kwa kuchuja maji, hivyo vijidudu na uchafu uliomo majini hukusanyika mwilini mwake. Anayevunwa karibu na mifereji ya maji machafu ni hatari, na anayeliwa mbichi huweza kuleta maradhi makali, hususan kwa wenye ugonjwa wa ini. Sharia yetu inakataza kujidhuru. Kwa hiyo kijana wetu atakapofika Tanga, amuulize ami yake chaza ametolewa wapi, kisha apikwe hadi aive barabara.

Wazazi wenzetu, watoto wetu wanarudi kutoka shuleni na maswali ambayo sisi hatukuulizwa utotoni. Tukijibu "haramu" kwa kila tusichokijua, tunabeba dhima kubwa, kwani Suratun Nahl, aya ya 116, imetuonya tusiseme hili halali na hili haramu kwa uongo wa ndimi zetu. Aidha, mtoto akigundua kuwa tulikosea katika chaza, huenda asituamini tutakapomkataza pombe na riba.

Baba yule hatimaye alimwambia mwanawe: "Sijui, lakini kesho tutamuuliza sheikh." Kwetu sisi, hilo lilikuwa jibu bora kuliko yote ya siku ile ya mtihani. Wallahu a'alam.