Fahamu: Jinsi pampu ya maji Kyuso inavyomwita fundi

King'ora cha nyumbani kinachompigia mwenye nyumba simu mwizi akivunja mlango kina kazi moja: kufikisha habari kwa mtu asiyekuwepo. Huko Kyuso, kaunti ya Kitui, kazi hiyo imefanywa na mpini wa pampu ya kisima.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kifaa kidogo ndani ya mpini. Kifaa huhisi mpini unavyopanda na kushuka, huhesabu mapigo, kisha hutuma idadi hiyo kwa ujumbe mfupi wa simu. Kutokana na mapigo hukadiriwa kiasi cha maji kilichotekwa kila saa. Mapigo yakikatika ghafla, ofisi inayopokea ujumbe huo inashuku kuna tatizo, na fundi anapanda pikipiki.

Lakini ukimya peke yake hautoshi. Mvua ikinyesha watu hukinga maji ya paa na pampu hupumzika, ingawa ni nzima. Ndiyo maana anayesoma takwimu hizo lazima aijue mvua ya eneo hilo.

Matokeo ya majaribio ya kifaa hicho yalikuwa makubwa: wastani wa kungoja matengenezo ulishuka kutoka siku 27 hadi chini ya siku 3. Kwa mama anayeswaga punda na mitungi, hizo ni wiki tatu na zaidi za safari za mbali alizoepushwa. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa kampuni ya FundiFix, inayotengeneza pampu Kitui na Kwale.

Vijiji vya kaunti jirani ya Makueni vinavyotegemea visima vinastahili huduma kama hii pia.